Chungu cha Mama na Mizani ya Wataalamu



Wako watu wenye elimu ambao kazi yao ni kupima chakula. Hawakipimi kama wachuuzi wa sokoni, ili wajue bei yake. Wanataka kujua chakula kinafanya kazi gani ndani ya mwili: kinajenga ao kinabomoa, kinazuia ugonjwa ao kinauita. Kazi hiyo ni njema, wala mwenye akili hawezi kuidharau. Bila kazi hiyo tusingejua kwa nini mtoto anayelishwa bugali mtupu huvimba miguu, na nywele zake hugeuka rangi.

Na ugonjwa huo wa watoto unatufundisha jambo. Mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo inaitwa Ghana. Waganga wengine walibishana naye. Walisema ni ugonjwa uliokwisha kujulikana zamani. Yeye alisikiliza wanawake wa kabila la Waga. Wao walikuwa na jina la ugonjwa huo: kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake alipozaliwa. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo katika gazeti la waganga la Uingereza, na leo linajulikana dunia nzima. Jina lenyewe lilionyesha njia: mtoto ameachishwa maziwa ya mama, akapewa uji wa mahindi tu. Akina mama walikwisha kuona nusu ya jambo kabla mganga hajaandika neno.

Basi, neno letu la leo ni hili: mizani, hata ikiwa nzuri namna gani, hupima tu kile kilichowekwa juu yake. Mtaalamu anayetaka kujua afya ya watu, asipofunua kwanza chungu chao, atapima chakula cha watu wengine na kuwaandikia hawa majibu yao. Tutaangalia kazi tatu kubwa za siku hizi, tusifu panapostahili sifa, tukosoe panapostahili kukosolewa. Kisha tutarudi kwetu Kongo.

1. Meza moja ya dunia nzima

Katika Januari 2019 gazeti la waganga The Lancet lilitoa taarifa ya tume iitwayo EAT-Lancet. Wataalamu 37 wa nchi 16 walijiuliza: watu wa dunia yote wale nini ili wawe wazima, na dunia yenyewe isiharibike? Swali hilo ni kubwa na la heshima. Wakaandika orodha ya chakula cha mtu mzima kwa siku moja, chenye nguvu ya kalori 2,500: nafaka zisizokobolewa gramu 232, maziwa na vitu vya maziwa gramu 250, njugu gramu 50, na vingine.

Sasa angalieni mstari mmoja. Viazi na mihogo: gramu 50 kwa siku, wala zisipite 100. Gramu 50 za muhogo ni kipande kidogo kinachokaa katikati ya kiganja. Katika zile kalori 2,500 kinaleta 39 tu. Mtu wa Kwango, wa Maniema ao wa Kivu, ambaye bugali ya mihogo ndiyo chakula chake cha kila siku, akisoma mstari huo atacheka kwanza. Halafu atauliza: Je, mimi nilihesabiwa?

Swali lake ni la haki. Ushahidi mkubwa juu ya ubaya wa kula viazi kila siku ulitoka kwa wafanyakazi wa afya wa Marekani waliofuatwa miaka mingi, na wengi wao walikuwa wazungu. Walikula viazi vya kuchemsha, vya kuponda na vya kukaanga. Ushahidi huo si uongo. Lakini ni ushahidi juu ya watu wale, na viazi vile, na maisha yale. Kutoka kiazi cha muuguzi wa Marekani mpaka muhogo wa mkulima wa Kongo ni safari ndefu, na haifai kuimaliza kwa kuandika majina mawili katika mstari mmoja.

Tusiwaonee wale wataalamu. Walisema wenyewe kwamba kila nchi itengeneze meza kwa vyakula vyake. Walisema tena kwamba watu wengi wa Afrika wanahitaji nyama, samaki na maziwa zaidi kuliko wanavyopata leo, si pungufu. Maneno hayo ni mazuri. Lakini watu hushika namba upesi kuliko maelezo. Namba huenda katika vitabu vya shule na katika ofisi za serikali; maelezo hubaki nyuma.

Jambo jingine ni bei. Mwaka uleule wataalamu wengine walitafuta gharama ya meza hiyo. Wakaona kwa bei za mwaka 2011 kwamba kwa kawaida ingegharimu karibu dola 2.84 kwa mtu kwa siku, na kwamba watu bilioni 1.58 hivi hawakuwa na mapato ya kutosha kuinunua, hata kama wangetoa kila senti waliyo nayo. Mganga anayeandika dawa lazima ajue kama mgonjwa anaweza kuipata. Mwaka 2025 tume hiyo ilitoa taarifa ya pili, na mara hii ilitia neno la haki kati ya mambo yake makubwa. Ni vema. Lakini haki haianzi siku ya kugawa chakula. Inaanza siku ya kuuliza maswali.

2. Kubadilishana sahani

Kazi ya pili ni ya mwaka 2015. Wataalamu wa Marekani, Ulaya na Afrika ya Kusini walitaka kujua jambo la kutisha: kwa nini kansa ya utumbo mkubwa inawapata Wamarekani weusi wengi, karibu 65 kati ya watu 100,000, na katika mashamba ya Afrika ya Kusini haiwafikii hata watu 5 kati ya 100,000? Damu ya wazee wao inatoka bara moja. Je, tofauti ni chakula?

Wakawachagua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh, na watu 20 wa vijiji vya KwaZulu-Natal. Kwa muda wa majuma mawili waliwabadilishia sahani. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, kwa namna ya Kiafrika. Waafrika walipewa nyama nyingi na mafuta mengi, kwa namna ya Kimarekani. Matokeo yalishangaza. Kwa muda mfupi hivi, utumbo wa Wamarekani ulianza kuonyesha dalili za kutulia, na wadudu wadogo wema waliomo walitengeneza kwa wingi asidi iitwayo butireti, ambayo huulinda utumbo. Kwa Waafrika, mambo yaligeuka upande wa hatari.

Kazi hii tunaisifu kwa sababu mbili. Kwanza, ilichukua watu ambao mara nyingi husahauliwa katika uchunguzi, ikawafanya wawe kiini cha swali. Pili, wapishi wake walikuwa na akili. Hawakuwalazimisha watu wa Pittsburgh kula uji wa Kizulu kila siku. Walitumia vitu ambavyo jiko la Wamarekani weusi linavijua: mahindi, kunde, bamia, samaki. Kunde na bamia zilivuka bahari zamani pamoja na watumwa. Si wageni katika nyumba zao. Mtu anayepewa chakula anachokijua hukimaliza, na mtaalamu anapata ukweli. Mtu anayepewa chakula kigeni hula nusu, anaficha nusu, na hesabu yote inaharibika.

Lakini tuna neno la kukosoa. Nyumbani kwao Wamarekani hao walikuwa wakipata sehemu 35 katika 100 ya nguvu zao kutoka kwa mafuta. Waafrika, walipopewa “chakula cha Kimarekani”, walipewa mafuta ya sehemu 52 katika 100. Hicho si chakula ambacho Wamarekani wale walikuwa wakila. Ni kikali zaidi. Kwa hiyo sahani hazikubadilishwa sawasawa. Uchunguzi unaonyesha vizuri kwamba chakula kina nguvu ya kugeuza utumbo upesi. Hauonyeshi kwa kipimo kamili yatakayompata kijana wa kijijini akihamia mjini na kula kama watu wa mjini. Na watu 40 kwa majuma mawili ni mwanzo wa njia, si mwisho wake.

3. Ndizi na mbege za Kilimanjaro

Kazi ya tatu iko karibu zaidi nasi, na inafanana nasi kwa lugha na kwa chakula. Ilitolewa mwaka 2025 katika gazeti Nature Medicine. Watanzania wa Moshi na Waholanzi wa Nijmegen waliifanya pamoja katika mkoa wa Kilimanjaro. Walichukua vijana wazima 77, wengine wa mjini na wengine wa shamba. Waliokuwa wakila chakula cha wazee wao, cha ndizi, maharagi, mboga na nafaka, walipewa kwa majuma mawili chakula cha namna ya Kizungu. Waliozoea chakula cha namna ya Kizungu wakapewa cha wazee. Wengine wakanywa mbege kwa juma moja. Watu 10 waliendelea kula kama walivyozoea, ili wawe kipimo.

Ikaonekana hivi: walioacha chakula cha wazee, miili yao ilianza kuwashwa ndani kwa ndani, namna ile inayofungua mlango kwa kisukari na magonjwa ya moyo. Tena damu yao ilipungukiwa na ukali wa kupigana na wadudu wa magonjwa. Waliorudi kwa chakula cha wazee, na waliokunywa mbege, waliona kinyume chake: mwasho huo ulipungua. Na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana baada ya majuma manne.

Hapa chungu kilifunuliwa kweli. Wachunguzi hawakuandika tu “pombe ya kienyeji” na kupita. Walikubali kwamba mbege ina jina, ina mapishi yake ya ndizi na ulezi, na kwamba kazi ya kuchachusha hugeuza chakula kuwa kitu kingine. Ndizi mbivu, ulezi mkavu na mbege si kitu kimoja, kama vile muhogo mbichi na bugali si kitu kimoja. Anayepima ndizi peke yake hajaipima mbege. Hilo ni fundisho kubwa kwa wote wanaochunguza kasiksi yetu ya Kivu, na vyakula vingine tunavyovilaza majini siku kadhaa.

Lakini hata hapa tuna mambo mawili ya kusema. La kwanza: wote 77 walikuwa wanaume. Tunafahamu kwamba kuchunguza watu wa namna moja hurahisisha hesabu. Hata hivyo, nani anayepika ndizi hizo? Nani anayeonja mchuzi, anayegawa sahani, na mara nyingi anayekula mwisho? Tena katika miji yetu, mwili kunenepa kupita kiasi unawapata wanawake wengi kuliko wanaume. Kuchunguza chungu na kumwacha mwenye chungu nje ya mlango ni upungufu ambao kazi itakayofuata inapaswa kuurekebisha.

La pili: mbege ina kileo. Juma moja la kunywa kwa kipimo, chini ya macho ya waganga, si sawa na desturi ya mtu anayemalizia mshahara wake kilabuni. Asije mlevi akashika karatasi ya wataalamu kama cheti. Uchunguzi huo haukumpa ruhusa hiyo.

4. Kuheshimu chungu si kukisifu tu

Labda msomaji atasema: “Basi chakula cha wazee ni kizuri chote, na cha wageni ni kibaya chote.” Hapana, ndugu. Mtaalamu anayesifu tu chakula chetu bila kukipima hatuheshimu, anatubembeleza. Kongo yetu inatoa mifano miwili.

Tazameni kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 wachunguzi walikwenda huko kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Wakati ule vitabu vilisema sababu ni moja: upungufu wa iodini. Lakini Idjwi iliwapa fumbo. Iodini ilikuwa pungufu kisiwani pote sawasawa, na rovu ilikuwa nyingi sana upande wa kaskazini, lakini kidogo upande wa kusini-magharibi. Kama wangalibaki na damu na mkojo tu katika chupa, fumbo lisingefumbuliwa. Waliuliza juu ya chakula, wakafikia mihogo. Mihogo isiyoondolewa sumu yake vizuri huacha mwilini kitu kinachozuia iodini isiingie katika tezi. Pale iodini inapokuwa chache, mihogo hiyo inaongeza shida. Ukweli huo uliosaidia nchi nyingi ulitoka katika chungu cha Idjwi.

Mfano wa pili ni konzo ya Kwango. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Jina lenyewe ni la Wayaka, na linataja miguu iliyofungwa. Mtoto ao mama analala mzima. Akiamka, miguu imekakamaa, wala haitapona tena. Sababu yake ni mihogo michungu iliyolowekwa muda mfupi, katika nyumba isiyo na maharagi, samaki ao nyama ya kuusaidia mwili kushinda sumu. Kulipokuwa na njaa ao haraka ya kupeleka mihogo sokoni, siku tatu za kuloweka zikawa mbili, ao moja. Wanawake hawakuwa wajinga, walijua desturi. Umaskini ndio uliowafupishia siku.

Mtaalamu mwenye haraka angesema: “Acheni mihogo, kuleni kitu kingine.” Kitu kingine kipi, na kwa fedha ya nani? Mtaalamu mmoja wa Australia, Howard Bradbury, alifikiri kwa namna nyingine. Unga wa mihogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka, na kuachwa masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha mama anapika bugali yake kama siku zote. Wataalamu wa Kongo walikwenda na njia hiyo katika vijiji vya Popokabaka na Kahemba, wakaifundisha kwa wanawake wenyewe. Katika vijiji vilivyoishika wakati wa uchunguzi huo, wagonjwa wapya hawakuonekana. Chakula hakikuondolewa, hatari iliyomo ndiyo iliyoondolewa. Kwa maoni yetu, huo ndio uchunguzi ulio bora kuliko yote tuliyotaja, ingawa haukuandikwa kwa sifa kubwa katika magazeti ya dunia.

5. Maswali ya kuuliza

Kwa hiyo, kila mara tunaposikia “wataalamu wamesema”, tupime nasi kwa maswali matatu.

La kwanza: Ni nani waliochunguzwa? Kama hakuna mtu mfano wetu kati yao, tusikatae neno lao, lakini tusilimeze lote bila kutafuna.

La pili: Chakula chetu kiliandikwa kwa jina lake na kwa mapishi yake? Karatasi isiyo na mstari wa viwavi itasema watu wa Katanga hawali protini miezi ile ambapo masoko ya Lubumbashi yamejaa viwavi. Mwaka 2013 shirika la FAO lilieleza kwamba namna zaidi ya 1,900 za wadudu huliwa duniani. Na mtaalamu François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu wa Katanga: uyoga, viwavi, kumbikumbi, asali, majani na matunda. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuna habari. Aliyetaka kuzitafuta alizipata.

La tatu: Akina mama waliulizwa, na majibu yalirudishwa kwao? Uchunguzi unaochukua damu ya kijiji na kupeleka majibu Ulaya tu ni deni lisilolipwa.

Lakini sisi pia tuna wajibu. Mchunguzi akifika dispanserini na karatasi yake, watu wengi huona haya. Mama aliyepika sombe na ndakala chache husema amepika nyama. Aliyekula viwavi hasemi. Aliyekosa chakula cha jioni anasema alikula. Twadhani tunalinda heshima ya nyumba. Kumbe tunajaza mizani mawe. Kesho karatasi hiyo itasema mkoa wetu unakula vizuri, na msaada utapelekwa kwingine. Ao itasema watoto wetu wanapata nyama ya kutosha, na ugonjwa wao utatafutiwa sababu isiyo yake.

Kwa hiyo, mama, akikuuliza mtaalamu, mwambie kweli. Mtajie mboga kwa jina unalolijua wewe. Mwambie umeloweka mihogo siku ngapi, na kwa nini hukungoja zaidi. Mwambie mawese ulitia kiasi gani, na nani alikula kwanza. Akiandika haraka haraka bila kukusikiliza, mwombe arudie. Nawe mtaalamu, kabla ya kutoa mizani katika mfuko, kaa chini jikoni, ungoje chungu kiive.